Waifai ya bure ya gesti na laki nne zilizopotea: intaneti kwa wanaosafiri kikazi

Mwezi uliopita tulipigiwa simu studio na msikilizaji wetu mmoja, karani wa kampuni inayonunua ufuta. Kazi yake ni ya kuzunguka. Leo yuko Nachingwea, kesho Liwale, keshokutwa yuko ghalani kijijini anahesabu magunia na kupiga picha za stakabadhi ili azitume ofisini. Jioni moja alifika gesti akiwa hoi, bando limekwisha na ripoti ya siku haijatumwa. Akawasha waifai kwenye simu, akaona jina la gesti lisilo na kufuli, akabonyeza. Ukafunguka ukurasa ukimtaka aweke namba yake ya simu ili atumiwe namba za kuthibitisha. Akaweka. Meseji ikaingia na tarakimu 6, naye akazijaza. Mtandao haukufunguka. Akasema moyoni, hizi ndizo waifai zetu, akalala.

Alipoamka, WhatsApp ilikuwa imetoka kwenye simu yake. Usiku ule, mhasibu wa ofisi aliandika kwenye kundi la kazini akiuliza kama gari la kubeba mzigo limepatikana. Jibu likaja kutoka kwa karani: limepatikana, dereva anataka malipo ya awali ya shilingi 400,000, namba yake ni hii hapa. Mhasibu akatuma. Sote tumezoea kucheka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii haikumpa mhasibu sababu ya kucheka. Ilitoka kwa mtu anayemfahamu, yenye picha yake, chini ya mazungumzo yao ya mchana kutwa.

Tumeahidi hewani kwamba tutaliandika jambo hili kwa urefu, kwa sababu wasikilizaji wengi wanaishi maisha ya karani huyu. Kuna mawakala wa mbegu na mbolea, maofisa wa mikopo wanaokwenda na pikipiki, wauzaji wa jumla wanaopeleka bidhaa minadani, madereva wa mizigo, hata sisi waandishi tunaotuma sauti kutoka vijijini. Wote wanahitaji intaneti wakiwa barabarani, na wote wanaitaka kwa bei wanayoimudu.

Tarakimu 6 zilifanya nini

Kwanza tuondoe dhana moja. Kuunganisha simu kwenye waifai ya mtu hakumpi mtu huyo WhatsApp yako papo hapo. Mtego ulikuwa kwenye ule ukurasa. Tapeli alikuwa karibu, labda chumba cha tatu, amewasha hotispoti ya kifaa chake na kuipa jina la gesti. Karani alipojaza namba ya simu, tapeli aliichukua na kuiingiza kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe, kama mtu anayehamisha akaunti kwenda simu mpya. WhatsApp, ili kujiridhisha, ikatuma tarakimu 6 kwa mwenye laini. Naye mwenye laini akazijaza kwenye ukurasa wa tapeli. Basi.

Tapeli anayeingia namna hiyo haoni mazungumzo ya zamani, maana hayo yamebaki kwenye simu ya mwenyewe. Ila ujumbe mpya wote unamfikia yeye, pamoja na wa makundi. Ndiyo maana alingoja kimya mpaka mhasibu alipouliza habari za gari.

Kinga yake haina gharama. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Ukishafanya hivyo, hata tapeli akizipata zile tarakimu za meseji, atakwama kwenye namba ya siri ambayo haiji kwa meseji. Inachukua dakika mbili, na tungependa uifanye kabla hujaendelea kusoma.

Kwa nini alitafuta cha bure

Tulipomuuliza karani kwa nini hakuunga bando, alijibu kwamba siku hiyo alikuwa ameshaunga mawili kwa hela yake ya mfukoni. Ofisi inampa nauli na hela ya kulala. Bando halimo kwenye hesabu, wakati kila kitu anachoagizwa kinapitia kwenye simu. Hapo ndipo tunapoona mzizi wa tatizo: mfanyakazi aliyeachwa ajitafutie intaneti ataitafuta popote.

Tuanze na hesabu. Ujumbe wa maandishi hauli kitu cha maana. Picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa na mara nyingi haifiki MB 1. Simu ya sauti ya WhatsApp hutumia chini ya MB 1 kwa dakika. Simu ya video ni habari nyingine kabisa, kwani kikao cha saa moja cha watu wengi kinaweza kumaliza GB 1. Kusikiliza redio mtandaoni, ikiwa inarushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 kwa saa. Kwa hiyo karani anayetuma ripoti, picha kadhaa za stakabadhi na kupiga simu chache za sauti anaweza kuishi vizuri na MB 150 kwa siku. (Bosi anayetaka kila kikao kiwe cha video ili aone nyuso za watu, huyo ndiye mlaji mkubwa wa bando.)

Sasa tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Bando la siku ni shilingi 1,000 kwa MB 400. Bando la wiki ni shilingi 3,000 kwa GB 1. Mtu wa MB 150 kwa siku, akiunga la siku kwa siku 6 za kazi, atalipa 6,000 na kila usiku wa manane MB 250 zitamfia mkononi. Akiunga la wiki, atatumia MB 900 ndani ya GB 1 na atalipa 3,000. Ukipima bando kwa wingi wa MB peke yake utadanganyika. Lipime kwa MB utakazozitumia kabla muda wake haujaisha. Angalia pia kama laini yako huanza kula salio bando likiisha. Kama ndivyo, usiache salio kubwa kwenye laini ya intaneti.

Na hapa kuna mwizi wa bando ambaye wengi hawamjui. Ukiwasha hotispoti kwenye simu na kuunganisha kompyuta mpakato, kompyuta haijui kwamba inakula bando lako. Inaona waifai, na kwake waifai ni kitu cha bei nafuu kisichoisha. Inaanza kujisasisha, kupakua mafaili makubwa, kupandisha picha na nyaraka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwenzetu mmoja hapa redioni aliunga GB 2 akiwa ziarani, akafungua kompyuta kutuma barua pepe moja, akaenda kula. Aliporudi, bando halipo na barua haijaenda. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, kubonyeza jina la hotispoti yako, na kuwasha sehemu yenye neno metered, yaani mtandao wa kupimwa. Kompyuta za Windows zikishajua mtandao unapimwa, husitisha sehemu kubwa ya upakuaji wa kichinichini. Simu nyingine au kishikwambi ukikiunganisha kwenye hotispoti yako kina tabia hiyo hiyo: programu zilizoambiwa "jisasishe kwenye waifai tu" zitaamini kwamba wakati umefika.

Kwenye simu yenyewe, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha ndani ya WhatsApp, washa kiokoa data, na zuia programu za burudani kutumia data ukiwa huzitazami. Makundi ya harusi na ya ukoo yana video nyingi kuliko ripoti za kazi.

Hotispoti yako nayo iwekee nywila ndefu. Bila nywila, abiria wote wa basi ni wageni wako.

Mtandao usiofika

Kuna vijiji ambako suala si bei, mtandao wenyewe haupo. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Minara hiyo imeongeza sana maeneo yenye mawasiliano, lakini anayezunguka vijijini anajua kwamba laini inayoshika vizuri Masasi inaweza kuwa kimya kilomita 40 mbele. Kwa msafiri wa kazi, simu ya laini mbili za kampuni tofauti ina manufaa kuliko simu ghali ya laini moja. Waulize wenyeji, hasa mawakala wa fedha, ni laini gani inashika pale. Wao wanaishi kwa jibu hilo. Andika ripoti ukiwa nje ya mtandao, uitume ukifika kwenye mlima au senta yenye mnara. Na kumbuka kwamba kutuma na kupokea fedha kwa menyu ya nyota 150 hakuhitaji bando wala waifai. Kunapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Kwa malipo, hiyo ndiyo njia tunayoipendelea ukiwa safarini.

Barua kwa kondakta

Je, waifai ya gesti, ya kituo cha mafuta au ya mgahawa haifai kabisa? Inafaa, ukijua inavyofanya kazi.

Zamani, na hata leo, ukitaka kupeleka barua mjini haraka unampa kondakta wa basi. Barua isiyo na bahasha, kondakta na tandiboi wataisoma njiani. Ukiifunga kwa bahasha na gundi, wataona tu jina la anayepelekewa. Tovuti ambayo anwani yake inaanza na https imefungwa kwa bahasha. Mwenye waifai anaweza kuona umekwenda benki gani, lakini haoni ulichoandika ndani. Inayoanza na http bila s ni barua ya wazi. Leo tovuti nyingi kubwa, benki na WhatsApp zinafunga bahasha zenyewe, na hiyo ni habari njema. Hatari inakuja pale simu inapokuonya kwamba muunganisho si salama, au kwamba cheti cha tovuti kina kasoro, nawe ukabonyeza "endelea" kwa sababu una haraka. Onyo hilo maana yake ni kwamba huenda mtu amekaa katikati akijifanya benki. Ukiliona ukiwa kwenye waifai ya watu, toka, washa bando lako.

Jina la waifai halithibitishi kitu. Mtu yeyote anaweza kuiita hotispoti yake jina la gesti, la hospitali au la halmashauri. Muulize mhudumu wa mapokezi jina halisi na nywila. Mtandao wenye nywila ni bora kuliko ulio wazi, ingawa kila mgeni anayo nywila hiyo hiyo. Ukurasa wa waifai ukikutaka namba za meseji, soma meseji nzima kabla ya kujaza. Inaandika imetoka wapi. Ikitaja WhatsApp, benki au huduma ya fedha wakati wewe unaomba waifai, hapo umeshamwona mwizi. Ukiondoka, iambie simu isahau mtandao huo ili isijiunge yenyewe safari ijayo.

Baadhi ya kampuni huwapa wafanyakazi VPN, yaani programu inayotengeneza njia iliyofungwa kutoka kwenye simu hadi ofisini. Ni sawa na kuitia ile bahasha ndani ya sanduku la chuma ambalo ufunguo wake uko ofisini tu. Ni kitu kizuri kwa anayefungua hesabu za kampuni akiwa gesti, na huongeza matumizi ya bando kidogo tu. Lakini hapa Tanzania ina utaratibu wake: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao zitoe taarifa kwake, kwa kurejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Hilo ni jukumu la ofisi kulishughulikia, mfanyakazi asiachiwe. Kuhusu VPN za bure zinazojaa kwenye duka la programu, jiulize nani analipia mitambo yake. Ukiitumia, yeye ndiye kondakta wako mpya.

Steshenari

Tungependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu tunaamini watu wengi wanapoteza siri zao steshenari kuliko kwenye waifai.

Unajua inavyokuwa. Unahitaji kuchapa mkataba au hati ya mzigo. Kijana wa steshenari anakuambia, nitumie WhatsApp. Au anafungua WhatsApp kwenye kompyuta yake, wewe unaipiga picha ile alama ya miraba kwa simu yako, nyaraka inafunguka, inachapwa, unalipa, unakimbilia basi. Umesahau kutoka. Kuanzia dakika hiyo kompyuta ile inaweza kusoma ujumbe wako unaoingia, ukiwa hata umefika Songea. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila kompyuta yake inatumiwa na watu hamsini kwa siku.

Fungua sasa hivi sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako. Ukiona kifaa usichokijua, kiondoe hapo hapo. Barua pepe ni vilevile: ukiifungua kwenye kompyuta ya watu, kataa ikikuuliza kama ihifadhi nywila, na uhakikishe umetoka kabla ya kunyanyuka. Mkataba uliotumwa kwa namba ya steshenari nao umebaki kwenye simu yao, kwa hiyo waombe waufute mbele yako. Flashi inayoingia kwenye kompyuta ile inaweza kurudi na virusi mpaka kwenye kompyuta ya ofisi.

Na simu unayoiacha kwenye kibanda cha kuchajia ifunge kwa namba ya siri. Laini nayo inaweza kufungwa kwa PIN yake, ili mwizi akiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine isifanye kazi. Ukikosea PIN mara 3 itadai PUK, na ukikosea PUK mara 10 kadi inakufa, kwa hiyo ihifadhi namba hiyo mahali.

Ukivuka mpaka

Wasikilizaji wetu wa Tunduma, Mutukula na Namanga wanajua kwamba simu inaweza kuvuka mpaka kabla ya mwenyewe. Mnara wa jirani ukiwa na nguvu, simu inaukamata, na kama huduma ya data nje ya nchi imewashwa, salio linaondoka kwa bei ya ugenini. Ukikaribia mpaka, izime kwenye mipangilio.

Bei hizi zina historia ndefu. Mwaka 2006 Celtel ilianzisha huduma iliyowawezesha wateja wake wa Tanzania, Kenya na Uganda kupiga simu nchi jirani kama wako nyumbani. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kushusha bei za simu baina yao kwa makubaliano ya serikali, Sudan Kusini nayo ikawamo. Makubaliano hayo yalianza na simu za sauti. Kwa data, usidhani; piga 100 kabla hujavuka uulize bei.

Anayekwenda kwa wiki nzima mara nyingi ataona nafuu kununua laini ya huko, na atahitaji pasi ya kusafiria kuisajili kwa jina lake. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine hata ukiuziwa kwa bei ya kutupwa. Laini ya nyumbani ibaki kwenye tundu la pili, data yake ikiwa imezimwa, kwa sababu meseji za kuthibitisha za benki zinakuja huko.

Nani analipa hasara

Turudi kwa karani. Kilichomfanya atupigie simu hakikuwa wizi wenyewe. Ofisi ilimwambia kwamba laki nne zitakatwa kwenye mshahara wake, zote, mwezi huo huo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri uhuru huo. Makato ya kufidia hasara yanahitaji mfanyakazi akubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri aandike chanzo cha hasara, kiasi na jinsi alivyokipata, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Mgogoro ukishindikana kumalizwa ofisini, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa maoni yetu, mwajiri anayemtuma mtu porini bila bando, halafu akatuma fedha kwa namba mpya bila kupiga simu ya sauti kuuliza, ana sehemu yake katika hasara. Simu moja ya kawaida ya dakika moja ingetosha.

Likishatokea

Usipoteze muda kulaumiana. Ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, utumiwe tarakimu mpya, na tapeli atatolewa. Kama ameweka namba ya siri ya hatua mbili, utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye atakuwa nje. Pigia watu wako simu ya kawaida uwaonye, ukianza na wanaoshika fedha. Fedha ikishatumwa, piga 100 mara moja. Ikiwa haijatolewa kwa wakala kuna nafasi ya kuizuia, na nafasi hiyo hupungua kila dakika. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, kisha utaje namba iliyokutumia. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika. Halafu nenda polisi ukafungue taarifa, ukiwa na picha za ujumbe wote. Ofisi na kampuni ya simu watakuuliza namba ya taarifa hiyo.

Karani alirudishiwa WhatsApp yake siku ile ile, kabla ya saa sita mchana. Laki nne zilikuwa zimeshatolewa usiku. Aliandika barua ofisini akinukuu kifungu tulichokitaja, na tulipozungumza naye juma lililopita makato yalikuwa yamesimamishwa na kikao kimepangwa. Bando la mwezi ameshaanza kununuliwa.